Kanda za chini ya kitanda

Nyumba nyingi za Unguja na Pemba zilizokuwa na redio kaseti katika miaka ya 1970, 1980 na 1990 bado zina sanduku lake. Pengine si sanduku bali kopo la biskuti, au mfuko uliopigwa fundo na kusukumwa nyuma ya kabati la bibi. Ndani mna taarab iliyonaswa redioni, harusi ya shangazi, nyimbo za filamu za Kihindi, mawaidha, na kanda mbili tatu za video zilizoandikwa "Idd" bila ya mwaka. Masika yakipita sanduku hufunguliwa, linanuka uvundo, mtu anasema "hizi zishakufa, na nyimbo zenyewe zote ziko YouTube", na safari ya jaani inaanza.

Hoja zote mbili hazina mashiko. Kanda inayokataa kupiga mara nyingi haikufa. Kilichokufa ni gamba lake la plastiki, au kipande cha sufi kisichozidi punje ya mchele, au mpira uliomo ndani ya mashine. Na nyimbo kweli zingine ziko mtandaoni, lakini kanda ya nyumbani haikubeba nyimbo peke yake. Mtoto aliyekaa na vidole viwili juu ya vitufe vya kupiga na kurikodi, akingojea mtangazaji wa Sauti ya Tanzania Zanzibar amalize maneno yake, mara nyingi aliwahi mno au alichelewa. Kwa hiyo kabla ya wimbo unasikia nusu ya tangazo la kifo: mtaa, watoto wa marehemu, maziko baada ya sala ya alasiri. Halafu fidla zinaingia. Nyuma ya fidla jogoo anawika na mtu anaitwa akachote maji. Hiyo huipati YouTube.

Kwenye picha hali ni hiyo hiyo. Zanzibar ilipata televisheni yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ilikuwa ya rangi tangu kuanza, ikitajwa kuwa ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Bara walisubiri mpaka 1994. Kuna kizazi kizima cha watoto wa Ng'ambo, Chake na Wete waliowaona waimbaji na waigizaji wao kwa rangi, wamekaa mkekani sebuleni kwa jirani, wakati binamu zao wa Tanga wanasikiliza redio. Deki za video zilipoenea, aliyekuwa nayo alinasa alichokipenda. Huenda alichokinasa ndiyo nakala pekee iliyobaki.

Ndiyo maana, ukianza kazi ya kuhamishia kanda kwenye kompyuta, anza na zile zisizotoka kiwandani. Sahani alizorikodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928 zilichapwa kwa wingi na nakala zake zimetawanyika duniani. Kaseti ya dukani ya makundi ya taarab kama Melody au Culture, asiyekuwa nayo wewe anayo mwingine. Harusi iliyorikodiwa Mkoani kwa redio iliyowekwa juu ya kiti haina ndugu. Hiyo iwe ya kwanza, hata kama sauti yake ni mbovu kuliko zote.

Kabla kanda haijaingia kwenye mashine yoyote, vunja vijimeno. Kwenye mgongo wa kaseti, upande usio na utepe, mna vijimeno viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande wa kanda. Vikishavunjika, kitufe cha kurikodi hakishuki. Kanda ya video ina kimoja tu, mgongoni. Ukikuta tundu limezibwa kwa karatasi ya gundi, ujue kuna aliyetaka kurikodi juu yake zamani: bandua. Kazi hii ni ya sekunde tano, na asiyeifanya ipo siku atafuta harusi ya watu kwa kubonya kitufe cha pembeni.

Halafu itazame kwenye mwanga. Kupitia kidirisha, utepe uliojiviringa unatakiwa uwe laini na bapa kama uso wa sahani ya santuri. Ukiona ngazi ngazi, utepe ulisokotwa vibaya, na dawa yake ni kuuzungusha polepole mpaka mwisho na kuurudisha. Ukiona unga mweupe au madoa kama chokaa, hiyo ni koga. Usiipige. Koga ikigusa hedi, yaani kichwa cha mashine kinachosoma utepe, inahamia kwenye kanda zote zitakazofuata.

Koga kwetu si jambo la ajabu. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya maji na kuyatoa, na kabati huwa limeegemezwa ukutani. Kanda zenye koga zitenge, ziweke kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vifuko vya silika, ziache wiki moja mpaka mbili. Wengine hutumia mchele. Mchele una vumbi na una fukusi, uacheni jikoni. Wala usianike juani, usitie kwenye joko, usipulizie mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu gamba hupinda na utepe hujikunja kingo, na ukingo uliojikunja haunyooki tena. Zikishakauka, vaa barakoa, toka nje uwanjani, uuzungushe utepe kwa mkono huku ukiugusisha kitambaa laini kikavu. Kama unaweza kuchagua wakati, ngojea kipupwe, Juni hadi Agosti. Kazi hii haifanywi mwezi wa Aprili.

Sasa gamba. Hapa ndipo kanda nyingi zinapookolewa, na watu wanaogopa bure.

Kaseti nzuri imefungwa kwa skrubu tano ndogo za nyota, nne pembeni na moja katikati. Ilaze mezani juu ya kitambaa cheupe, skrubu zikitazama juu, zifungue, kisha uinue nusu ya juu wima, bila ya kuiinamisha. Piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu. Utaona vigurudumu viwili vya katikati vyenye utepe, vigurudumu vidogo viwili kwenye kona za mbele, karatasi nyembamba zinazoteleza, moja juu na moja chini, na mbele katikati springi ya shaba iliyobandikwa kipande cha sufi. Hicho cha sufi ndicho kinachousukuma utepe ugusane na hedi. Gundi yake ilikuwa ya miaka kumi, na sisi tuko mwaka wa thelathini au arubaini. Kinadondoka. Kikidondoka, sauti inakuwa nzito kama mtu anaimba nyuma ya pazia, inapotea na kurudi, na mwenye kanda anaamini kwamba utepe umechakaa.

Unaweza kubandika sufi nyingine, lakini njia ya uhakika ni kuhamisha utepe wote kwenye gamba zima. Tafuta kaseti isiyo na thamani yenye skrubu (si ya mawaidha ya mzee bila ya idhini yake), toa utepe wake, bakisha springi, vigurudumu vidogo na karatasi. Kisha chukua vigurudumu viwili vya kanda yako kwa pamoja, vidole vya mikono miwili vikivibana kutoka juu na chini, na uvihamishe kwa mkupuo mmoja. Ukiinua kimoja kimoja, utepe wa kati utamwagika, na kuukusanya ni jioni nzima. Pitisha utepe nje ya vigurudumu vya kona na mbele ya sufi, weka karatasi, funika. Kaza skrubu kwa zamu, ya kati mwisho, na usikaze sana. Gamba lililobanwa kupita kiasi linausugua utepe, mashine inalia na kasi inayumba. Kabla ya kupiga, zungusha kwa penseli yenye pembe sita, mzunguko mzima kwenda na kurudi.

Kaseti za bei rahisi hazina skrubu. Magamba yameunganishwa kwa moto. Hizo pitisha kisu chembamba kwenye mshono, ukianzia upande wa vijimeno, mbali na utepe. Gamba litavunjika na hulihitaji tena, kwa hiyo hakikisha la kuhamia liko tayari mezani.

Utepe uliokatika unaungwa, lakini si kwa selotepu ya dukani. Gundi yake inatoka pembeni kwa joto na kuunganisha mzunguko wa juu na wa chini, na baada ya mwaka kanda inang'oka rangi. Ipo karatasi ya gundi maalumu ya kuungia kaseti, yenye upana wa utepe wenyewe, karibu milimita 3.8. Kata ncha zote mbili kwa mshazari wa digrii 45 zikiwa zimelaliana, ili zikutane bila ya pengo na bila ya kupandana. Uso wa utepe unaotazama nje ndio unaogusa hedi na ndio wenye sauti. Gundi inakwenda upande wa ndani. Mara nyingi utepe haukukatika popote, umechomoka tu kwenye kigurudumu kwa sababu mtu aliurudisha kwa kasi. Kigurudumu kina kipande kidogo kinachobana ncha: kitoe, ingiza ncha, kirudishe.

Na hapo angalia namba ya kanda. Ya dakika 60 ina utepe mnene wa kutosha kuvumilia mikono. Ya 90 ni nyembamba zaidi. Ya 120 ni nyembamba kama ngozi ya kitunguu, inajivuta na kujisokota kwenye mashine kwa sababu ndogo kabisa. Hiyo usiirudishe kwa kasi hata mara moja.

Mashine ya kupigia ina umuhimu zaidi kuliko kompyuta utakayotumia. Vile vichezeo vipya vidogo vya kaseti vinavyochomekwa kwenye USB sivipendi: mota yake inayumba, na vingine hutoa upande mmoja wa sauti mara mbili na kuuita stirio. Bora deki ya zamani ya mfumo wa muziki, ile yenye matundu mekundu na meupe nyuma, hata ukiikuta kwenye duka la mtumba haifanyi kazi. Ukisikia mota inazunguka na kanda haiendi, mpira wa ndani umelegea au umeyeyuka ukawa kama lami. Lami hiyo itoe yote kwa pamba na spiriti, kisha pima njia ya mpira kwa uzi. Mpira mpya uwe mfupi kuliko njia hiyo kwa asilimia 5 hivi. Mfupi zaidi unavuta mota, mrefu unateleza.

Spiriti ninayoisema ni isopropili, ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya vidonda isiwe mbadala, maana huwa na maji, na nyengine zina mafuta. Petroli na thina zinayeyusha plastiki. Kwa vijiti vya pamba safisha hedi, kile kifito cha chuma kinachozunguka kando yake, na kigurudumu cha mpira kinachokibana, mpaka kijiti kitoke cheupe. Mashine iliyokaa miaka itatoa uchafu wa rangi ya kahawia kama ugoro, nao ni utepe wa watu uliosagika. Rudia baada ya kila kanda tatu au nne, na kwa kanda iliyokuwa na koga rudia papo hapo.

Kisha hedi yenyewe. Inashikwa na skrubu mbili, na moja ina springi chini yake: hiyo inaibadilisha hedi mshazari. Kila redio iliyorikodi ilikuwa na mshazari wake, kwa hiyo kanda iliyorikodiwa kwa redio ya Wete ikipigwa kwenye deki ya Kikwajuni inasikika kama imefunikwa blanketi. Weka alama ya pale skrubu ilipo, vaa vipokea sauti, na uizungushe robo robo kanda ikipiga. Sikiliza vitu vikali: vikengele vya rika (lile dufu dogo), nyuzi za kanuni, herufi "s" mdomoni mwa mwimbaji. Kuna sehemu moja nyembamba ambapo vinajitokeza ghafla kama dirisha limefunguliwa. Simama hapo. Kanda ikibadilika, tafuta upya. Hakuna programu ya kompyuta itakayokurudishia ulichokikosa kwa kuruka hatua hii, na karibu kila kanda mbovu niionayo mtandaoni kasoro yake ni hiyo tu. Swichi ya Dolby, ile ya kupunguza mvumo wa utepe, izime, maana redio za nyumbani nyingi hazikuwa nayo, na ukiiwasha inakula ukali uliobaki.

Kuunganisha na kompyuta: tundu moja la jeki kwenye kompyuta mpakato ni la maikrofoni, linapokea upande mmoja na kuukuza mpaka unapasuka. Tumia kadi ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia sauti la stirio. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Weka stirio, 48000 Hz, biti 24, na hifadhi kwa WAV. Hiyo inakula takriban megabaiti 17 kwa dakika, yaani kanda ya dakika 60 ni karibu gigabaiti 1. Usiogope ukubwa, MP3 utaitoa baadaye kwa ajili ya kutumiana kwenye simu. Sauti ya juu kabisa ifike desibeli 6 chini ya ukomo, na ujaribie pale vigelegele vinapopigwa, si kwenye udi wa mwanzo. Kwenye taarab mwimbaji huanza taratibu, na wanawake wakiinuka kumtunza kelele zinapanda mara tatu. Anzisha kurikodi kabla ya kubonya kanda, na acha upande wote uishe hata ukidhani pamenyamaza. Watoto walikuwa wakijaribu maikrofoni mwishoni mwa kanda.

Umeme ukikatika katikati, kompyuta itaendelea kwa betri yake lakini deki itasimama na utepe ukiwa umebanwa kati ya kifito na mpira. Itoe kanda mara moja. Ukiiacha mpaka umeme urudi kesho, utepe utabaki na alama, na kila utakapopiga utasikia sauti ikijikwaa pale pale.

Kuna kasoro moja inayowashangaza wengi: kanda inapigwa vizuri, safi, lakini waimbaji wote wana sauti za watoto na ngoma zinakimbia. Mashine haina kosa. Kanda ilirikodiwa kwa redio ya betri, na betri zilikuwa zinakwisha. Mota ilikwenda polepole, utepe mfupi ukabeba wimbo mrefu, na sasa mashine yenye umeme kamili inaukimbiza. Mara nyingi kasoro inaongezeka kadiri kanda inavyoendelea: dakika ya kwanza ni sawa, ya ishirini wamekuwa ndege.

Kuirekebisha unahitaji kipimo. Kama ukumbini palikuwa na amplifaya ya umeme, chini ya muziki mna mngurumo mdogo wa umeme. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na mngurumo unakaa hapo au kwenye 100. Chagua sekunde kadhaa za ukimya kati ya nyimbo, fungua uchambuzi wa masafa wa Audacity, tafuta kilele. Ukikikuta kwenye 53 badala ya 50, kanda inakwenda haraka: 50 gawanya kwa 53 ni 0.943, kwa hiyo punguza kasi kwa asilimia 5.7. Tumia kile kibadilishi cha kasi kinachobadilisha mwendo na kimo cha sauti kwa pamoja, si kile cha mwendo peke yake. Kanda ikizidi kukimbia kila dakika, ikate vipande vya dakika tano tano na kila kimoja ukipime mbali.

Kwa kanda za Pemba kuwa na shaka na kipimo hiki. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika 2010. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli, na jenereta dogo likizidiwa na mzigo 50 yake inashuka. Hapo afadhali akodiani au kinanda, ambavyo havibadilishi kimo kama fidla. Linganisha na rikodi nyengine ya kundi hilo hilo unayoiamini.

Baada ya hapo wengi hukimbilia kuondoa kelele. Ninashauri usiguse nakala ya kwanza kabisa. Kiondoa kelele hakijui tofauti ya mvumo wa utepe na upepo wa nai, wala ya mchakato wa kanda na rika la mbali. Kikizidishwa kinaacha sauti za majimaji, kama waimbaji wako ndani ya kisima. Ukitaka nakala ya kusikilizia, punguza desibeli 6, usizidishe 10, na uihifadhi kwa jina jengine. Kitu kimoja kinachostahili kazi ni kuunga wimbo uliokatwa na mwisho wa upande. Taarab ya ukumbini inaweza kuchukua robo saa, upande wa kanda ni nusu saa, na mtu aliyekaa na redio aligeuza kanda katikati ya ubeti. Usijaribu kuficha pengo. Acha sekunde moja kimya, aliyekuwepo atalijua.

Video nayo ina hulka zake. Ngoma ya ndani ya deki inazunguka mara 1500 kwa dakika na vichwa vyake viwili ni vyembamba kuliko unywele, kwa hiyo usiiguse kwa vijiti vya pamba: nyuzi zinanasa na kichwa kinang'oka. Tumia karatasi ngumu isiyotoa nyuzi iliyoloweshwa isopropili, ishike tuli, na uizungushe ngoma kwa kidole cha mkono mwengine. Kamwe usipandishe na kushusha. Ngojea ikauke dakika kumi. Picha ikiwa na mchele upande wa chini, rekebisha ufuatiliaji kwa kitufe kabla hujailaumu kanda.

Ukipata kanda iliyotoka kwa jamaa wa nje, itazame namba. E-180 ni ya mfumo wa PAL tunaoutumia sisi, saa tatu. T-120 imehesabiwa kwa NTSC, na ikiwa imerikodiwa Marekani au Kanada basi deki ya PAL pekee itaonesha picha iliyovurugika na sauti ya kuburura. Kanda haina ubaya; tafuta deki ya mifumo mingi. Iliyorikodiwa Ufaransa, kama wanazo baadhi ya familia za Kingazija, inaweza kuwa ya SECAM, nayo hutoka nyeusi na nyeupe. Ya Oman ni PAL, haina tabu.

Vifaa vya USB vya kuingizia video vya bei rahisi vina ugonjwa mmoja: ishara ya kanda ikiyumba kidogo, vinakata picha au kutoa buluu tupu, na sauti inaachana na midomo. Ukipitisha ishara kwenye deki ya kurikodia DVD kabla ya kufika kwenye USB, nyingi hutulia. Nasa kwa vipimo vya 720 kwa 576, na kwa mfumo wa DV utahitaji gigabaiti 13 kwa saa, karibu 40 kwa E-180 nzima. Meno ya kitana yanayoonekana mtu akitembea si ubovu, ni mistari ya televisheni inayopokezana. Utakapotengeneza nakala ya simu, ifungue iwe fremu 50 kwa sekunde, usikubali 25, la sivyo wacheza ngoma watagugumia. Na picha ni ya nne kwa tatu. Msiwanenepeshe bibi zetu kwa kuivuta ijaze kioo.

Kama ilivyo kwa kaseti, usisimamishe kipindi kinapokwisha. Kanda za video zilikuwa ghali na zilirikodiwa juu ya zilizotangulia. Sherehe ya Mapinduzi ikiisha, picha inatetemeka na chini yake inachipuka nusu ya mchezo wa kuigiza wa miaka ya nyuma, au dakika nne za taarifa ya habari. Dakika hizo nne zina faida nyengine, kwani zinakupa tarehe. Akitajwa Rais Jumbe, ni hadi Januari 1984. Idris Abdul Wakil, ni 1985 hadi 1990. Salmin, 1990 hadi 2000. Bila ya habari, sikiliza vyombo. Fidla nyingi, kanuni na akodiani pamoja haziamui kitu, kwani makundi ya zamani, Ikhwani Safaa la 1905 na Culture la 1958, yaliendelea nazo. Lakini kinanda cha umeme kikibeba wimbo wote na ngoma zikitoka kwenye kinanda hicho hicho, uko kwenye miaka ya 1990 ya rusha roho, hukosei sana.

Jambo la kupandisha mtandaoni lina mpaka wake. Kanda za harusi za ndani na za unyago zilirikodiwa na wanawake kwa ajili ya wanawake, bila ya mabuibui, milango ikiwa imefungwa. Kuwa na kanda si kuwa na ruhusa. Zihamishie kwenye kompyuta, zihifadhi, mpe nakala mwenye harusi au binti yake, na zikae hapo. Na anayehamisha awe mwanamke wa nyumba hiyo, si fundi. Kwa nyimbo za makundi, mtunzi na mwimbaji wana haki yao, na COSOZA ndiyo ofisi ya hakimiliki ya kuulizwa.

Nakala ziwe tatu: diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na moja mtandaoni au kwa ndugu aliye nje ya kisiwa. Diski zifunguliwe kila mwaka. Kanda zenyewe usizitupe. Zisimamishe wima kama vitabu, mbali na sakafu, mbali na spika, na ziachwe zikiwa zimepigwa mpaka mwisho kwa mwendo wa kawaida.

Gamba la karatasi lipige picha mbele na nyuma, maana mwandiko ni wa mtu. Halafu kaa na mzee wa nyumba, mpigie dakika kumi, mwandikie majina anayoyataja hapo hapo ndani ya jina la faili: mwaka, mahali, shughuli, upande. "1987-Wete-harusi-upandeB" inatosha. Ukiliita "kanda ya bibi 3", mwakani utakuwa na tatu zenye jina hilo.